Zoezi la ubunifu la Jumamosi: kubuni kanga kwa dakika 30

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi hii tukutane Forodhani saa 10:30, baada ya sala ya alasiri. Ukumbini hatwendi tena, umeme wa kule mlijionea wenyewe.

1. Dakika 30: buni kanga. Pindo (mpaka wa pembeni), mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yaliyoandikwa) vyote vionekane. Jina ulitunge mwenyewe, usiazime la bibi yako!
2. Dakika 10: nembo ya muuza urojo, rangi 2 tu.

Saa ikilia, mikono juu hata kama hujamaliza. Ndiyo raha yake.

Laptopu zichajiwe nyumbani. Asiyenayo aje na karatasi na penseli, wala asione haya. Mchango shilingi 2,000, ya maji na juisi.

Nani yumo? Andikeni "nimo" kabla ya Alkhamisi usiku, nijue idadi.