Fomu uliyojaza dukani kwetu inakaa wapi?

Mzee mmoja wa Uvira alikuja hapa dukani, Texas, kununua bunduki ya kuwindia nguruwe mwitu. Alijaza jina, akajaza tarehe ya kuzaliwa, na alipofika kwenye anwani akaweka kalamu chini. "Mwanangu, hii karatasi inaenda kwa nani?"

Swali hilo nimelizoea, hasa kwa wenzetu wa Kongo, ambao wanajua maana ya watu wenye orodha ya majina kubisha hodi usiku. Mtanzania au Mkenya haulizi. Kwao raia hapati silaha bila leseni, na serikali inajua fika nani anayo. Wao hushangaa kusikia kwamba Texas hakuna daftari kama hilo.

Mzee nilimwonyesha kabati. Fomu yake, nambari 4473, inakaa humo, na ufunguo ninao mimi. Kinachotoka dukani siku ya kununua ni swali tu kwa FBI: je, huyu ana kizuizi cha kisheria? Tunawapa jina, tarehe ya kuzaliwa na mengineyo ya kumtambua mtu, pamoja na aina ya silaha, bastola au ya mtutu mrefu. Namba iliyochongwa kwenye chuma hatuwatajii. Wakikuruhusu, wanatakiwa kufuta taarifa zako ndani ya saa 24. Na tangu 1986 sheria inakataza serikali kuu kuzigeuza rekodi za maduka kuwa daftari la wenye bunduki. (Bunduki za rashasha na vizuia sauti ni habari nyingine: hivyo vina daftari lake tangu 1934.)

Basi hofu ya watu inatoka wapi? Inatoka Martinsburg, West Virginia. Siku nikifunga biashara, kabati langu lote linahamia huko, kwenye kituo cha ATF, idara inayosimamia silaha. Rekodi za maduka yaliyokufa zimerundikana pale mpaka zikapita milioni 900, na nyingi zimeshapigwa picha za kompyuta. ATF husema mfumo wao hauwezi kutafuta kwa jina la mnunuzi. Wapinzani huuliza: na kesho wakiamua uweze? Zamani duka liliruhusiwa kuchoma fomu zilizotimiza miaka 20. Kanuni iliyoanza Agosti 2022 ikaondoa kikomo hicho, kwa hiyo rundo litazidi kukua. Mimi siwacheki wanaoogopa. Ila wanaosema kila ukinunua jina lako linaingia kwenye daftari huko Washington papo hapo, hao wanatia chumvi.

Jinsi polisi wanavyoifuatilia silaha ndiyo inaonyesha hali halisi. Wakiokota bastola kwenye tukio, Martinsburg humwuliza mtengenezaji aliiuza kwa nani, kisha muuzaji wa jumla, halafu simu inalia kwangu. Nina saa 24 za kujibu. Navaa miwani, napekua karatasi moja moja.

Lipo jambo jingine linalotoka dukani na jina lako, afadhali ulijue mapema. Ukinunua bastola mbili au zaidi ndani ya siku tano za kazi, nalazimika kutuma taarifa ATF. Huku kwenye majimbo ya mpakani na Mexico hata baadhi ya bunduki ndefu zimo. Na ukija na pesa za binamu yako ili umnunulie yeye kwa jina lako, usijaze fomu kabisa. Hilo ni kosa la jela. Zawadi ya kweli, kwa pesa yako mwenyewe, inaruhusiwa, mradi anayepewa hakatazwi kumiliki silaha.

Makosa yanayotuchelewesha ni madogo. Fomu inauliza kaunti, na wateja wangu wengi huandika Kongo au Kenya, kwa kuwa kwa Kiingereza neno hilo na la nchi yanapishana herufi moja tu. Majina yafuate kitambulisho, hata kama yako matano. Anwani iwe ya unapolala, si sanduku la posta. Mwenye grini kadi aje nayo, tunahitaji namba inayoanza na A.

Mzee wetu alijibiwa "subiri", jibu ambalo linaweza kuchukua siku tatu za kazi. Alirudi Alhamisi. Kabla ya kupokea bunduki aliomba nimfungulie tena kabati, nikamfungulia, akaisoma fomu yake kutoka juu mpaka chini, akanirudishia.