Mkaza mwanangu hana kisirani

Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu enzi za marehemu mume wangu, na sijapata kukuandikia. Ile habari yenu ya mtafiti wa magonjwa ya kurithi ya watoto, yale ya mwili kushindwa kukitumia chakula, ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mwandishi wenu amemsifu daktari, ameeleza mitambo yake, kisha akamaliza kwa kutuusia watu wa pwani tuache kuoana wenyewe kwa wenyewe. Basi, habari imekwisha.

Mwanangu amemuoa binti ya ami yake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mzima, akilia kwa nguvu na kunyonya vizuri. Siku chache baadaye akaliacha titi, akalegea, akatapika, akaanza kukakamaa. Mtaani wakasema ni dege, afukizwe. Hospitalini wakasema ni maambukizi ya damu. Wakamtia dawa, akafa. Wa pili akafuata njia ile ile, na mkaza mwanangu akawaambia waziwazi kwamba ni kama wa kwanza, kwamba mambo yameanza baada ya kunyonya. Akaambiwa anyamaze, watu wafanye kazi. Hata sukari ya damu hawakuipima! Tulipotoka kumzika wa pili, wanawake wakaanza kunong'ona kuwa tumbo lake lina kisirani, na shangazi za mwanangu wakanijia barazani kunishauri nimtafutie kijana mke mwingine. Niliwafukuza. Binti yangu ni mkunga, na amenieleza: mengi ya magonjwa haya mtoto huyapata pale baba na mama wanapompa kasoro ile ile, kila mmoja upande wake, nao wenyewe ni wazima hawana dalili. Kila mimba ni nafasi 1 katika 4 ya mtoto kuugua. Ndiyo, wakioana jamaa hatari huzidi, hilo sikatai. Lakini ni baba na mama, Mhariri. Sentensi hiyo moja mngeiandika, ndimi nyingi hapa mtaani kwetu Langoni, Lamu, zingenyamaza.

Na mbona hamkusema elimu hii ilianzaje? Huko Norwei mama mmoja, Borgny Egeland, alikuwa na watoto wawili ambao akili zao hazikukua, na mikojo yao ilikuwa na harufu ngeni. Alizunguka kwa waganga na madaktari miaka mingi bila kukata tamaa. Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling alimsikiliza, akaupima ule mkojo kwa dawa, ukageuka kijani, na ndivyo ugonjwa wa fenilketonuria, mmoja wa magonjwa haya ya kurithi, ulivyojulikana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani akaonyesha kuwa matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi yanatosha kuugundua. Anayegunduliwa mapema hupewa chakula maalumu na hukua na akili zake timamu. Karatasi ya namna hiyo wauguzi wa nchi hii wanaijua! Ndiyo wanayotumia kuwapima watoto wachanga ambao mama zao wana virusi vya Ukimwi. Hukaushwa, ikasafirishwa hadi maabara, wala haihitaji barafu.

Na hata tungeambiwa tumkimbize Mombasa, tungevukaje? Bandari kubwa imefunguliwa Kililana, ng'ambo ya bara, tangu 2021, lakini usiku ule tulikuwa gatini tukimbembeleza mwenye boti atutoe kisiwani atufikishe Mokowe, upande wa bara, maji yamekupwa, naye ataka pesa ya petroli kwanza, mtoto kafunikwa leso mikononi mwa mamake. Boti ya wagonjwa tuliambiwa haina mafuta. Nani anayepaswa kuijaza?

Nataka hivi. Mama aliyepoteza mtoto mchanga bila sababu kujulikana, kitabu chake cha kliniki kitiwe alama nyekundu kwenye jalada. Mtoto anayefuata achomwe kisigino siku ya pili au ya tatu, karatasi ikaushwe, itiwe bahasha, ipande basi la asubuhi. Mchanga yeyote aliyeacha kunyonya apimwe sukari papo hapo, na mamake aulizwe, kisha asikilizwe. Kilifi kuna watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliochunguza magonjwa ya watoto tangu 1989. Mwandishi wenu aende akawaulize ni maabara gani itakayozipokea karatasi hizo, na serikali ya kaunti iulizwe nani atakayelipia. Majibu yachapishwe ukurasa ule ule mliomsifia yule daktari.

Mkaza mwanangu ni mjamzito tena. Atajifungua karibu na Maulidi, kwa hiyo majibu nayataka kabla ya hapo.

Bibi wa watoto wawili,
Langoni, Lamu