Rudi ukalitazame lile jua

Mwanangu mpendwa,

Huku sote hatujambo, bibi yako anakusalimia sana. Uliniambia kwenye simu kwamba ulifika jumba la makumbusho la Musée Marmottan hapo Paris, ukaiona ile picha ya jua likichomoza ya mchoraji Claude Monet ambayo nakala yake iko ukutani kwetu tangu hujazaliwa, na kwamba uliona ukungu tu. Nakuomba urudi, mwanangu, siku ambayo huna haraka.

Najua ni ndogo, upana wake sentimita 63. Monet aliichora mwaka 1872 katika bandari ya Le Havre, hukohuko Ufaransa, na ukungu huo uliouona umemeza milingoti na moshi wa meli hata hujui bandari inaishia wapi, mbingu inaanzia wapi. Mimi nikiitazama narudi alfajiri za kipupwe, tukimngoja babu yako ufukweni, kimya, tunasikia kasia kabla hatujaiona mashua.

Sasa litazame jua. Kiduara cha rangi ya chungwa, basi. Utaapa kwamba ndicho kinachong'aa kuliko vyote pale. Ipige picha kwa simu, kisha uondoe rangi zote, ibaki nyeusi na nyeupe. Jua karibu lote litapotea! Nilipojaribu kwa nakala yetu nilirudia mara tatu, siamini. Mwangaza wake unakaribiana mno na wa mbingu iliyolizunguka. Linawaka kwa sababu chungwa limewekwa katikati ya buluu na kijivu, wala Monet hakuhitaji rangi nyeupe kulipa nguvu. Jicho linaiona rangi lakini halipati tofauti ya mwanga, ndiyo maana jua lile halitulii.

Ukimaliza hapo, sogea karibu uone majini. Ni mipako michache ya chungwa, brashi imepita mara moja ikaachwa. Rudi nyuma hatua tano, maji yatacheza. Ilipoonyeshwa mwaka 1874, mwandishi mmoja wa gazeti alidai hata karatasi ya kupamba ukuta imekamilika kuliko hiyo. Alikosea sana.

Halafu ile mashua nyeusi ya mbele. Babu yako, aliyevua samaki maisha yake yote, aliitazama siku moja akasema hawa wanarudi, wamechoka. Mimi miaka yote naona wanatoka. Wewe uliye karibu nayo, itazame vizuri uniandikie.

Mama yako