Ruaha sio ya kwenda na kurudi, laleni mtoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako nijibu haya maneno yanayozunguka hapa Iringa kila baada ya sikukuu, eti Hifadhi ya Ruaha hamna kitu, watu wameenda wamerudi na vumbi tu, wameona swala na twiga wawili, simba hata unyayo, bora wangeenda Mikumi. Mi nasema hao hawajaenda Ruaha bado. Wamepita tu.

Angalieni safari zenyewe zinavyopangwa. Watu wanachangishana, Coaster inakodiwa, inatakiwa iondoke saa kumi na moja alfajiri inaondoka saa moja na nusu maana kuna mtu bado anapiga pasi, alafu kutoka mjini mpaka Msembe, ndani ya hifadhi, ni kilomita mia na ushee, mnapita Idodi, mnapita Tungamalenga, mnasimama kununua maji, mnasimama tena mtoto anatapika, mkifika getini jua limeshakuwa kali. Sasa saa sita mchana mnyama gani atakaa juani akusubiri? Simba kalala chini ya mti, chui hata usimuongelee, tembo wako kivulini wanapepea masikio. Mnazunguka kidogo, mnapiga picha na mbuyu, mnakula pilau, saa tisa dereva anaanza kuangalia saa kwa sababu giza halitakiwi limkute ndani. Safari imeisha hapo. Kesho yake mtu anaposti kwamba hifadhi haina wanyama, na watu mia wanampa laiki.

Wanyama wanatembea alfajiri na jioni, na saa hizo zote mbili nyie mko barabarani.

Dawa yake ni kulala ndani, na ukilala basi ulale pembeni ya mto. Pale Msembe kwenye makao makuu ya hifadhi kuna malazi ya hifadhi yenyewe kando ya mto Ruaha Mkuu, kuna vibanda vya zamani vya bati, kuna nyumba za kisasa kidogo, na kuna sehemu za kupiga hema kwa wenye moyo huo. Siongelei zile kambi za dola mia kadhaa kwa usiku mmoja, nazo ni nzuri sina ugomvi nazo, ila mwalimu wa sekondari na mkewe na watoto hawaendi kule. Banda la hifadhi mtu wa kawaida akijipanga analiweza, hasa familia mbili mkichangia gari. Na kiingilio cha anayelala ndani kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa tisa alasiri una jioni nzima na asubuhi nzima ya kesho yake, yaani unazipata zile saa zenyewe. Chakula mbebe wenyewe, nyanya na vitunguu na nyama vyote mnunue sokoni mjini kabla hamjaanza safari, na malipo myamalize mapema kwa namba ya malipo ya serikali maana mambo ya kwenda na noti getini yalishapitwa na wakati.

Sasa niwaambie mnachokikosa. Jioni jua likilegea mnakaa nje ya banda, gari limezimwa, mto uko pale mbele na wanyama wanashuka wenyewe. Pundamilia wanakuja kwa foleni, wa mbele anainama kunywa, wa nyuma anashtuka na kivuli chake, wote wanatimua mbio alafu wanaanza upya, hivo hivo mpaka unacheka, ila wao wanajua mamba yuko na we humuoni. Tandala wanachelewa kidogo, na hapa nijisifie kwa niaba ya mkoa, Ruaha ina tandala mkubwa na tandala mdogo wote wawili, hifadhi nyingi utampata mmoja au usimpate kabisa. Viboko wanaguna majini kama wazee wanaobishana mahari. Giza likishaingia wanatoka kwenda kula majani, na hawachagui, wanakula hadi pembeni ya ukuta wa banda, unalala unasikia nyasi zinang'olewa, krap, krap, krap, na hapo ndio mtoto wa mjini aliyekuwa anasumbua anataka kwenda chooni anagundua kwamba kumbe anaweza kusubiri. Baadae fisi. Na usiku ukiwa mzuri simba ananguruma ng'ambo, msihame vitanda, sauti yake inasafiri hata kilomita nane. Yale mabanda ya bati watu wanayalalamikia, ni kweli mchana yana joto, lakini usiku kila kitu unakisikia kupitia lile bati, mi naona hiyo ndio sifa yake.

Kuna adabu zake lakini. Usiku hutoki na tochi ya simu kwenda kumtafuta kiboko umpige picha, ukiwa na shida unamwita askari. Matunda usilale nayo ndani ya hema, tembo akinusa chungwa hana habari na zipu yako. Tumbili wanaiba, na wanaiba kwa sababu kuna mtu jana yake aliwarushia ndizi akiwachekea. Na nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda hizo rangi, nimemuona kijana kavaa jezi ya Taifa Stars alivyokuwa anajipiga makofi mgongoni ungedhani ana mapepo.

Na hili la spika lazima niliseme. Kuna kundi tulilikuta pale mtoni limekuja na spika lile kubwa la kuburuza na magurudumu, wakapiga singeli kuanzia jua halijazama, tembo walikuwa wanashuka na watoto wao wakasimama pale juu ya kingo, wakasikiliza, wakageuza. Sisi wengine wote tuliofunga safari kwa ajili ya hao tembo tukabaki tunaangalia migongo yao. Singeli naipenda jamani, ila ina harusi zake. Wanaopanga hizi safari wawaambie watu kabla hawajapanda gari, maana wakishafika kila mtu anasema nimelipa.

Alafu kuna wanaosema walilala mtoni na mto hawakuuona, wameona mchanga. Hao hawadanganyi. Ruaha Mkuu ilikuwa inatiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 kiangazi inasimama, ukienda mwezi wa kumi unakuta vidimbwi hapa na pale, viboko wamebanana kwenye matope yanayonuka, na tembo wanachimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka wanafikia maji, wakimaliza nyani na pundamilia wanakuja kunywa kwenye shimo lile lile. Kwa mtalii ni picha nzuri sana. Mi nikiangalia nakosa raha.

Sababu yake haiko hifadhini, iko juu huko bonde la Usangu. Mito inashuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe inaingia bondeni, njiani inakutana na mashamba ya mpunga ya Mbarali, kinachobaki ndio kinaingia kwenye kinamasi cha Ihefu. Na Ihefu lazima ijae kwanza ndio maji yaruke ule mwamba wa pale Ng'iriama yaingie mto Ruaha, yakipungua yakawa chini ya kimo cha mwamba basi, mto umekata, hata kama nyuma yake kuna maji kibao. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, 2008 Usangu ikaingizwa hifadhini, Ruaha ikafika kilomita za mraba zaidi ya 20,000, tukaambiwa sasa mto utarudi. Haujarudi. Kwa sababu mifereji mingi inaachwa wazi hata mpunga ukishavunwa, maji yanaingia shambani kukiwa hamna kitu, yanakauka na jua. Mi mchele wa Mbeya nakula kama kila mtu na simwambii mkulima aache kulima, ila mfereji wa mwezi wa tisa unamwagilia nini? Na hili sio la tembo peke yao, huu ndio mto wa mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na maji yake yanaishia Rufiji kwenye lile bwawa jipya la umeme la Mwalimu Nyerere, kwa hiyo hata anayesema wanyama hawamhusu, taa anawasha.

Kwa wanaopanga kwenda na familia, mi ningewaambia mwezi wa sita shule zikifungwa, mvua zimekata, majani yanaanza kupungua na mto bado una maji. Desemba wengi ndio wanaenda kwa ajili ya likizo, ila hapo mvua zimeanza, majani yamepanda na wanyama wametawanyika maana maji yako kila mahali, mtarudi mnasema yale yale ya twiga wawili.

Na kwako Mhariri, nina ombi moja. Kila mwaka mnaandika habari za Ruaha wakati wa maonesho na wakati mgeni mkubwa akija. Mwaka huu tumeni mwandishi mwezi wa tisa, aanzie Mbarali kwenye mifereji, apite Ng'iriama aone maji yamefika wapi, alafu ndio aje alale Msembe, atuandikie kila kituo alichokuta. Sisi huku tutasoma.

Msomaji wenu,
Ipogolo, Iringa