Rangi ya ukuta chagua mwisho, hasa kama sebule na jikoni zinaonana

"Mbona huu ukuta wa kijani, mimi si nilisema kijivu?" Simu ilianza hivo, na fundi wetu alikuwa hata hajamaliza kuosha rola. Tukarudi. Kopo ni lile lile, namba ni ile ile aliyoichagua mteja mwenyewe kwenye kadi, ila ukisimama mlangoni kweli unauona ukijani, tena sio wa kubahatisha. Sa tatizo halikuwa kwenye kopo. Sebule yake imeungana na sehemu ya kulia chakula, hamna ukuta katikati, na kule kwingine tulimpakia rangi ya tofali kama alivyotaka. Tukachukua shuka jeupe, watu wawili tukalishika kuziba lile tofali, kijivu kikarudi pale pale. Tukishusha shuka, kijani hicho. Mteja akacheka, sisi tukashusha pumzi maana tulishaanza kuwaza nani atalipia kopo jingine.

Jambo hili sio geni. Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyekuwa anasimamia kazi ya kutia rangi nyuzi pale Gobelins, kiwanda cha ufumaji cha Paris, alipata malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza akakuta nyeusi haina shida yoyote, shida ni rangi zilizofumwa kando yake, na mwaka 1839 akachapisha maelezo yake. Yaani jicho halisomi rangi moja peke yake, linasoma na jirani yake. Weka kijivu kando ya wekundu, kitavuta kwenye kijani. Chumba chenye kuta nne na mlango unaofungwa, majirani wanakuwa wachache, ila ukikaa kwenye kochi unaona sebule, meza ya kulia, makabati ya jikoni na kipande cha korido kwa mpigo, hapo kila kitu kinamharibia mwenzake au kinampendezesha.

Ndo maana tunasema anza na visivyobadilika. Sakafu kwanza, halafu makabati, halafu makochi, ukuta mwisho kabisa. Watu wengi wanafanya kinyume, wanapaka nyumba ikiwa tupu inang'aa, halafu wanaanza kuzunguka kutafuta kochi la kuendana na ukuta, wakati vitambaa vya makochi unachagua vilivyopo na taili ndo usiseme, ila rangi ya ukuta mashine inakuchanganyia karibu yoyote unayoitaka. Kinachoweza kubadilika kirahisi ndo kimfuate kisichobadilika jamani.

Na makochi, angalia mgongo wake. Kama kochi limegeuza mgongo jikoni, basi ule mgongo ndo "ukuta" anaoutazama mtu anayepika, kipande kirefu cha rangi moja, na bado watu wanachagua kochi kwa kuliangalia mbele tu.

Kwenye krimu na nyeupe ndo watu wanapotea zaidi. Krimu sio moja, kuna ya unjano, kuna yenye uwaridi kwa mbali, kuna inayoelekea kwenye kijivu, na ukiiona peke yake kwenye kadi hujui. Iweke juu ya karatasi nyeupe kabisa, itajitaja yenyewe. Halafu iweke juu ya taili yako. Taili yenye uwaridi na ukuta wa krimu ya unjano ni ugomvi wa kila siku, mmoja ataonekana mchafu na mara nyingi ni taili, utapiga deki mpaka uchoke.

Kujaribu, tafadhali usipake vile vimraba vidogo kwenye ukuta wa zamani, rangi ya zamani itakudanganya kama lile tofali. Chukua karatasi ngumu kubwa, hata sentimita 42 kwa 59 inatosha, paka mara mbili, acha ikauke kabisa kwa sababu rangi nyingi za maji zikikauka zinakoza kidogo, kisha tembea nayo. Iweke nyuma ya kochi, iweke kando ya makabati, iangalie asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Na hizo taa! Angalia namba yenye K, ndo inayoeleza rangi ya mwanga: balbu ya 2700K ina unjano, ya 6500K inaelekea kwenye ubluu, ukiweka moja sebuleni nyingine jikoni, rangi ile ile ya kopo moja utaiona mbili. Nunua balbu zinazofanana kabla hujanunua rangi.

Wengine wanauliza rangi ya sebule iishie wapi ianze ya jikoni. Kwenye kona ya ndani, ile inayoingia, sio kwenye ukingo unaotokeza maana pale mstari unaonekana kila upande na ukigongwa na kiti unabanduka. Ukuta mrefu unaopita kote bila kona sisi tunapaka rangi moja, hizi za kukata katikati kwa tepu binafsi sizipendi. Na kama upande wa jikoni unataka silki, ile rangi yenye mng'ao kidogo, ili ufutike, paka silki ukuta wote, maana namba ile ile ikiwa ya mati, yaani isiyong'aa, na ikiwa ya silki hazionekani sawa zikikutana.

Yule mteja tulimpakia kijivu kote, kule kwa chakula hatua moja nyepesi zaidi. Tofali alilipenda sana kwa hiyo halikufukuzwa, liko kwenye mito miwili ya kochi na viti viwili vya mezani.

Sa tukija kwako kupima, tutolee mto mmoja wa kochi, kipande cha taili kilichobaki na mlango mmoja wa kabati kama unachomoka. Taa usiwashe kwanza, fungua mapazia.