Mkojo wa damu kwa kijana, apimwe kwanza

Mhariri,

Mwanangu alikuwa na miaka 15 nilipokuta kwenye beseni la bafuni mkojo mwekundu kama karkadee. Hakuwa na homa wala maumivu. Kumbe alikuwa ameficha muhula mzima, akiamka alfajiri bwenini ili awahi choo kabla ya wenzake.

Kliniki ya kwanza, mhudumu alimuuliza mbele yangu amelala na nani. Akampa dawa za kisonono bila kipimo chochote. Mtoto alitazama sakafu mpaka tukatoka. Kliniki ya pili walisema kichocho, akamezeshwa prazikwanteli, na baada ya wiki kadhaa akamezeshwa tena. Ni kweli kichocho kipo huku kwetu, lakini hiki cha kando ya Nile ni cha matumbo, na damu yake hutoka kwenye choo kikubwa. Kile cha kibofu, hapa Uganda, kinajulikana upande wa Lango, na mayai yake huonekana mkojo ukitazamwa kwa hadubini. Wa mwanangu haukutazamwa.

Miezi saba ilipita hivyo. Nesi mmoja, jirani yetu, ndiye aliyetuambia tupige ultrasaundi. Kijana akanywa maji mpaka kibofu kikajaa, na hapo kikaonekana kinyama kimeota ndani, kama punje ya mahindi. Tukapanda basi la usiku kwenda Kampala. Daktari wa njia ya mkojo akapitisha kamera nyembamba, akakikata bila kupasua tumbo. Majibu ya maabara: papiloma, si saratani.

Ni nadra kwa umri huo, najua. Viko pia vinyama vingine visivyo saratani, polipu, vinavyoota kwenye mrija unaotoka kwenye figo na kuleta maumivu ya ubavuni. Lakini hata kisicho saratani huvuja damu, na damu ikiganda inaweza kuziba mkojo kabisa.

Nawaomba wahudumu: pimeni mkojo, pigeni picha, kabla ya kuandika dawa kwa kukisia. Na kijana aulizwe faraghani, mzazi akiwa nje. Walezi wa mabweni nao wawaambie watoto waziwazi kwamba mkojo wa damu hausubiri likizo.

Damu imekoma. Bado anarudi kuangaliwa kwa kamera, maana kinyama kinaweza kuota tena. Kila safari, kabla hatujatoka nyumbani, huniuliza ni nani atakayemhoji.

Mama mzazi,
Arua