Tuletee Kandili ya Nyanya

Kondele, Kisumu
Jumapili usiku

Omera,

Pokea salamu zangu. Huku sote tu wazima, na joto la ziwa ni lilelile unalolijua.

Jana tulicheza tena ule mchezo wetu wa jukwaani, wa kujengwa kwa reli ya kutoka Mombasa hadi hapa Kisumu, nami nimelala nikiuwaza na kuamka nikiuwaza. Unakumbuka mara ya kwanza, wewe ukiwa fundi wa mandhari? Lile gari moshi lako la plaiwudi lilibebwa na watu wanne, likafuka moshi, ukumbi mzima ukasimama kulipigia makofi. Nililipenda mno. Lakini watu walikwenda nyumbani wakizungumzia gari moshi tu, na wale walioijenga njia yake hawakutajwa na mtu.

Safari hii mwongozaji alifagia kila kitu. Hakuna pazia la kuchorwa, hakuna kituo, hakuna mahema. Kuna mbao, ukuta mweusi, mti mmoja mrefu wa mkaratusi, nyundo na taa. Nilibishana naye wiki mbili. Nilimuuliza, mchezo wa zamani ukivuliwa zama zake, watoto wa leo watajuaje kwamba huu ni mwaka 1901, na kwamba hapa paliitwa Port Florence?

Sasa sikia. Vibarua sita wanaingia na ule mti mabegani, kimya. Hatua fupi fupi, magoti yamelegea, wa nyuma anahema kuliko wenzake. Wanautua polepole, na wa mwisho anachomoa vidole kwa hofu, kama mtu aliyekwisha kuona kidole cha mwenzake kikisagwa chini ya chuma. Mti wenyewe hata mtu mmoja anaubeba! Nilikuwa pembeni nangoja zamu yangu, na ukumbi ulinyamaza hadi nikaisikia feni. Wanatoka, wanarudi na mti uleule, sasa wako watano. Wanatoka tena. Wanarudi wanne. Msimulizi anasema tu kwamba vibarua walioletwa kutoka India kuijenga reli hii walikuwa kama 32,000, na waliokufa kama 2,500. Omera, gari moshi lako lingekuwa limesimama pale, nani angehesabu mabega?

Kisha anaingia Florence Preston, mke wa mhandisi, kugonga msumari wa mwisho, 20 Desemba. Gauni lake ndilo kitu pekee cheupe jukwaani. Hatukuhitaji kingine cha kutuonyesha ni enzi gani, wala ni nani aliyekuja kukumbukwa kwa kazi ile.

Hapo mwongozaji alinishinda, nikakubali. Lakini jukwaa tupu halina pa kuficha kosa. Kijana mmoja alisahau kuvua saa yake. Siku za plaiwudi isingeonekana na yeyote. Jana ilimetameta kila alipoinua nyundo, na nikasikia wa mstari wa mbele wakinong'ona, "Saa! Saa!" Najua utaniambia hata katika Juliasi Kaizari ya Shakespeare saa inagonga, na Roma ile haikuwa na saa za kugonga. Ni kweli, ila ile inasikika mara moja ikapita. Hii ilikaa mkononi mwa mtu hadi mwisho wa onyesho.

Halafu mvua. Unaijua mvua ya jioni hapa inavyopiga mabati. Ilishuka katikati ya maneno ya msimulizi, yakazama yote. Palipokuwa na mandhari, jicho lilipata pa kushika hata sikio likikosa. Jana watu walibaki wakitazama ukuta mweusi, na kwa dakika kadhaa mchezo ulitutoka mikononi kabisa. Iliniuma. Nimemwambia mwongozaji kwamba vibarua lazima waweze kuyasema maneno yale kwa miili yao, mvua inyeshe isinyeshe.

Kilichoninyima usingizi hasa ni taa. Tuliazima karabai, taa ya mafuta inayopigwa pampu. Mzee mmoja alinifuata mlangoni akaniambia kwa upole kwamba karabai zilienea baadaye, baada ya 1910 hivi, na vibarua wale wangekuwa na kandili ya utambi. Alisema kweli. Vitu vikijaa jukwaani, taa ni taa tu. Ikibaki peke yake, ndiyo inayoubeba mwaka mzima, na sisi tuliiwekea mwaka usio wake.

Kwa hiyo naomba ile kandili ya nyanya yako, iliyo juu ya kabati huko Busia, yenye mpini uliofungwa waya. Usiing'arishe, masizi yake nayataka. Kioo kizungushie magazeti, mafuta uyamwage yote, kisha umkabidhi dereva wa matatu ya asubuhi. Tunacheza tena Jumamosi, na Ijumaa nitakuwa kwenye steji ya matatu kuanzia saa nne kuipokea. Mwambie nyanya nitairudisha mwenyewe, kwa mkono wangu.

Wako wa jukwaani